Spello au Santo Stefano di Sessanio: ukalale mji gani wa kilimani Italia?

Mtu akishaimaliza Roma, yaani Colosseo, Vatikano, foleni za watu na joto la lami, hutamani pa kupumulia. Hapo ndipo huja swali: ni mji gani wa mawe juu ya kilima ambako nitaamka nisikie ndege badala ya honi? Italia ya kati imejaa miji ya aina hiyo, na kwenye picha yote inafanana: vichochoro, maua dirishani, mnara wa kanisa, milima kwa nyuma. Ukichagua kwa picha umepiga ramli.

Mimi wanaoniuliza huwaelekeza kwenye miji miwili tu. Wa kwanza ni Spello, mkoa wa Umbria, kwenye miteremko ya mlima Subasio. Wa pili ni Santo Stefano di Sessanio, mkoa wa Abruzzo, ndani ya hifadhi ya taifa ya Gran Sasso e Monti della Laga. Yote miwili ni mitulivu, na unaweza kuondoka Roma asubuhi ukala chakula cha mchana kule. Baada ya hapo haifanani kwa lolote. Mmoja una treni, mizeituni na watu zaidi ya elfu nane ukijumlisha na vitongoji vyake. Mwingine una wakazi mia na ushee, kondoo, na baridi ya kuvaa sweta usiku hata Agosti.

Najua kuna watakaouliza mbona sijaitaja Civita di Bagnoregio, ile ya daraja refu. Nitaifikia.

Kufika

Tuanze na usafiri, maana ndio unaoamua mengi kabla hata hujafungua ukurasa wa hoteli.

Kwenda Spello unapanda treni ya kawaida Roma Termini, ile ya njia ya Foligno na Perugia. Baadhi zinafika moja kwa moja, nyingine unabadilisha Foligno. Kwa vyovyote ni mwendo wa saa mbili na kitu. Kituo kipo chini ya mji. Unatoka, unatembea kama dakika kumi, unaona mbele yako lango la Kirumi, Porta Consolare, lenye sanamu tatu za mawe juu yake. Umefika. Kama tiketi yako ni ya karatasi, igonge kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda. Mkaguzi wa treni hasikilizi habari za ugeni.

Taabu huanza baada ya lango. Spello ni mji wa kupanda: barabara kuu inakwenda juu, ikichoka inageuka ngazi, kisha inakwenda juu tena. Sanduku la magurudumu juu ya mawe yale litakufanya mtaa mzima ujue umefika. Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba, uliza kiko karibu na lango lipi. Ukiwa na mama au baba mwenye magoti yasiyopenda ngazi, mtafutie chumba upande wa chini, kati ya Porta Consolare na kanisa la Santa Maria Maggiore, na jioni asilazimike kupanda popote.

Santo Stefano hakuna treni. Kuna mabasi kutoka kituo cha Tiburtina, Roma, hadi L'Aquila, nayo ni mengi na hayachukui hata saa mbili. Shida ni kutoka L'Aquila kupanda juu, kama kilomita 30 hivi. Mabasi ya huko yamepangwa kwa ajili ya wanafunzi na wazee wanaokwenda hospitali, si kwa ajili yako, na siku ya Jumapili usiyategemee kabisa. Ukweli ni kwamba Santo Stefano ni mji wa mtu mwenye gari.

Na gari lina mambo yake. Mwenye leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda anatakiwa awe pia na kibali cha kimataifa cha udereva, na kibali hicho hutolewa kwenu, si Italia. Ofisi ya kukodisha inaweza isikuulize. Askari wa barabarani atakuuliza. Mwenye leseni ya nchi ya Umoja wa Ulaya hana haja nacho. Jingine ni yale maeneo ya katikati ya miji ya kale yenye alama ZTL: bila kibali huruhusiwi kuingia na gari, kamera inakupiga picha kimyakimya, na faini inakufuata miezi kadhaa baadaye kupitia kampuni iliyokukodisha, pamoja na ada yao ya kukutaja. Egesha nje ya kuta, tembea.

Kama hakuna dereva kati yenu, basi jibu mnalo: Spello.

Ukimya wa aina mbili

Spello ni tulivu lakini ina watu. Kuna watoto wanaotoka shule, duka la dawa, wazee wanaogombania karata nje ya baa. Asubuhi mapema utawakuta akina mama vichochoroni na ndoo na makopo, wanamwagilia vyungu vilivyopangwa ukutani kutoka chini hadi madirishani. Hawayafanyi kwa ajili ya watalii. Kila mwaka kuna mashindano ya madirisha, roshani na vichochoro vyenye maua, na majirani hawataki kushindwa na majirani. Ukipita pale huku unapiga picha, mwenye maua atatoka akuambie kwa mikono na maneno kwamba upande ule mwingine unapendeza zaidi, kisha atakusindikiza mwenyewe ukauone.

Kuna wakati mmoja ambapo Spello haina utulivu hata chembe: sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo Italia huadhimishwa Jumapili ya tisa baada ya Pasaka. Usiku wa kuamkia siku hiyo mji haulali. Vikundi vya wakazi hupiga magoti barabarani chini ya taa na mahema, wakijaza michoro mikubwa kwa petali na majani yaliyochambuliwa na kukaushwa kwa wiki kadhaa. Alfajari barabara nzima imegeuka zulia. Asubuhi maandamano ya Ekaristi hupita juu yake, na kazi yote ya usiku inakanyagwa. Hiyo ndiyo Infiorata. Mimi ningekushauri uione angalau mara moja, lakini usije siku hiyo ukatafuta amani wala chumba.

Faida nyingine ya Spello ni jirani yake. Assisi ipo umbali wa dakika kumi na kitu kwa treni. Kwa msomaji Mkatoliki hili peke yake linaweza kumaliza ubishi: kaburi la Mtakatifu Fransisko, la Mtakatifu Klara, na sasa la Carlo Acutis, kijana wa zama za kompyuta aliyetangazwa mtakatifu Septemba 2025. Ila Assisi kuna umati, na mwaka 2026 inatimia miaka 800 tangu Fransisko afariki mwaka 1226, kwa hiyo usitarajie upungue. Lala Spello, panda treni ya asubuhi, uingie basilika kabla mabasi ya mahujaji hayajashusha watu. Mchana, wenzako wakiwa kwenye foleni ya vyoo, wewe uko njiani kurudi.

Ukimya wa Santo Stefano ni mwingine kabisa. Wageni wa mchana wakishaondoka, hakuna gari linalopita, maana magari hayaingii ndani. Unasikia mlango unafungwa mtaa wa tatu. Unasikia mbwa wa mbali. Nyumba nyingi hazina mtu, na hilo lina historia yake. Mji huu uliwahi kuwa tajiri: familia ya Medici ya Firenze iliumiliki kuanzia 1579 hadi 1743, na nembo yao ingali juu ya lango. Walichofuata huku mlimani ni sufu, hasa ile nyeusi ngumu iliyofaa kushonea majoho ya watawa na sare za askari. Kila vuli makundi makubwa ya kondoo yaliteremshwa kwa miguu hadi nyanda za Puglia, na njia kuu ya L'Aquila hadi Foggia ina urefu wa kilomita 244. Mwaka 2019 UNESCO iliiingiza desturi hiyo ya kuhamisha mifugo katika orodha ya urithi usioshikika. Biashara ya sufu ilipokufa, watu walifuata riziki mijini na ng'ambo, nyumba zikabaki. Hazikubomolewa kwa sababu hapakuwa na mwenye fedha ya kujenga nyingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Daniele Kihlgren, mwenye damu ya Kiswidi na Kiitaliano, alinunua nyumba hizo moja baada ya nyingine akazifanya hoteli iliyotawanyika mji mzima, inayoitwa Sextantio. Mapokezi yako mtaa mmoja, chumba chako mtaa mwingine, kuta zina masizi yaleyale ya moto wa wachungaji na hakuna aliyeyapaka chokaa. Bei ni ya watu wa fungate, lakini kuna vyumba vya kawaida vya wenyeji ambavyo havitakutoa jasho. Kihlgren huyohuyo baadaye alikwenda kujenga vibanda vya kienyeji vya kupokea wageni kwenye kisiwa cha Nkombo, Ziwa Kivu, Rwanda. Wasomaji wa upande wa Kamembe huenda walishaviona kabla ya kuisikia Abruzzo.

Tarehe 6 Aprili 2009 tetemeko la L'Aquila liliua watu zaidi ya 300 na kuuangusha mnara wa mviringo uliokuwa alama ya Santo Stefano. Mnara umejengwa upya. Hata hivyo usishangae kukuta jukwaa la mafundi mahali fulani.

Mtu aliyezoea nyumba yenye watu huweza kuelemewa na ukimya huu. Nimeona waliokuja kwa usiku tatu wakaanza kutafuta kisingizio cha kushuka L'Aquila siku ya pili. Si aibu. Kama wewe ni wa namna hiyo, nenda Spello, ukimya wake una watu ndani yake.

Unatembea wapi?

Spello imezungukwa na mizeituni, na si mizeituni ya pambo. Ukanda wote wa miteremko kati ya Assisi na Spoleto uliingizwa na FAO mwaka 2018 katika orodha ya mifumo ya kilimo yenye thamani ya urithi duniani. Njia ninayoipenda inaanza juu ya mji na kufuata mfereji wa maji wa Warumi hadi kijiji cha Collepino, kama kilomita tano. Inapanda taratibu kiasi kwamba hata mtoto wa miaka saba anaimudu, upande mmoja una ukuta wa mfereji, upande wa pili bonde na mizeituni. Kutoka Collepino wenye mapafu huendelea hadi nyasi za juu ya Subasio, mita 1,290. Wengine hukaa Collepino wakaagiza kahawa, na mimi nipo kundi hili.

Siku ya mvua ingia Santa Maria Maggiore. Kuna kikanisa kidogo ambacho mchoraji Pinturicchio alikipaka picha za ukutani mwaka 1501: Malaika akimpasha Maria habari, Kuzaliwa kwa Bwana, na Yesu hekaluni. Kwenye ile ya Maria, tazama ukuta wa nyumba iliyochorwa: kuna picha ndogo ya mwanamume imetundikwa. Ndiye mchoraji mwenyewe, kajitundika ndani ya kazi yake.

Santo Stefano ni jambo zito zaidi. Mji uko mita 1,251 juu ya usawa wa bahari, na kwa gari muda mfupi tu unatokea Campo Imperatore, uwanda wa nyasi wenye urefu wa kilomita zaidi ya 20 usio na mti, umezingirwa na vilele. Kileleni kabisa ni Corno Grande, mita 2,912, mrefu kuliko wote katika safu ya milima ya Apennini. Kwenye hoteli iliyo ukingoni mwa uwanda huo ndiko Mussolini alikofungwa hadi Wajerumani walipokuja kumtorosha Septemba 12, 1943. Mtu aliyetuma majeshi Ethiopia alizuiliwa mahali ambapo hata mbuzi anafikiri mara mbili.

Kwa miguu kutoka mjini, nenda Rocca Calascio, ngome iliyo mita 1,460, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa mtu asiye na haraka. Nenda alasiri, wakati waliopanda kwa magari wanashuka.

Tahadhari moja isiyoandikwa kwenye vipeperushi: mbwa wa kondoo. Ni weupe, wakubwa, na wamelelewa kupambana na mbwamwitu. Ukiona kundi la kondoo uwandani, zunguka mbali. Mbwa wakija, simama, usikimbie, usirushe jiwe, rudi nyuma polepole. Wanalinda mali, na wakiona umeelewa watakuacha.

Sahani

Umbria ni nchi ya mafuta ya zeituni, uyoga wa ardhini wa tartufo, tambi nene za strangozzi, na nguruwe. Mikate yao ya kawaida haina chumvi. Usidhani mwokaji amesahau. Ukija Novemba, zeituni zikiwa zimekamuliwa, omba mkate uliochomwa na mafuta mapya: ya kijani, makali, yanawasha kooni. Mji wenyewe una migahawa ya kutosha hata siku za kazi.

Santo Stefano chakula ni cha wachungaji, na hapa ndipo Abruzzo inapoishinda Umbria kwangu. Kuna adesi za hapohapo, ndogo, za rangi ya kahawia iliyokolea, zinazolimwa juu ya mita elfu moja na kupikwa bila kulowekwa. Mapema Septemba zina sherehe yake. Kuna zafarani ya tambarare ya Navelli, ambayo maua yake huchumwa Oktoba alfajiri kabla hayajafunguka. Na kuna arrosticini, yaani mishkaki ya kondoo. Ukitaka kuila inavyoliwa, nenda Fonte Vetica, huko Campo Imperatore. Bucha inakuuzia vijiti vibichi kwa idadi, unavibeba hadi kwenye majiko marefu membamba ya mkaa yaliyopangwa nje, unavilaza vikibanana ili nyama iwe juu ya moto na ncha za mbao zibaki nje. Unageuza kwa mafungu, chumvi unatia mwishoni. Vidole vinaungua, upepo unakupeperushia moshi usoni, na jirani usiyemjua anakukopesha koleo.

Kwa Mwislamu: nyama ya kondoo si nguruwe, ila haina maana imechinjwa kihalali, na katika miji hii miwili usitegemee bucha ya halali. Adesi, tambi za tartufo, jibini na mboga zitakutosha. Jifunze kuuliza kama ndani kuna maiale, nguruwe, kwa sababu vipande vyake huingizwa hata kwenye supu inayoonekana ya mboga tu.

Kote kuwili jiko hufungwa baada ya saa nane mchana hivi na hufunguliwa tena saa moja na nusu usiku. Anayefika saa kumi na njaa atakula biskuti.

Msimu

Spello inafaa mwaka mzima, ila Julai na Agosti mchana ni joto la kukaa ndani. Aprili, Mei, Oktoba na Novemba ndiyo bora.

Santo Stefano ina dirisha dogo zaidi. Usidanganywe na mwinuko: ni chini ya Nairobi, lakini huku theluji inaanguka kwelikweli, na sehemu ya juu ya barabara ya Campo Imperatore hufungwa wakati wa baridi. Njoo Juni ukute maua ya uwandani, au Septemba. Katikati ya Agosti Waitaliano wote wako likizo na mji unajaa. Novemba siku ya Jumanne unaweza kukuta migahawa yote imefunga. Piga simu mapema, au nunua jibini na mkate L'Aquila kabla ya kupanda.

Na Civita je?

Civita di Bagnoregio, mkoa wa Lazio, ni nzuri kuliko yote miwili kwa kuitazama. Imekaa juu ya jiwe la volkano lililoegemea udongo wa mfinyanzi unaomomonyoka, wakazi wa kudumu ni wa kuhesabu, na njia pekee ya kuingia ni daraja la miguu lililojengwa 1965. Tangu 2013 kuna kiingilio. Kilianza euro 1.50 na kimepanda. Tatizo ni kwamba kila mtu ameshaiona hiyo picha. Saa tano asubuhi darajani ni msururu wa watu, na juu kila mlango ni mgahawa au duka la zawadi. Ipitie kutoka Orvieto, kama kilomita 20, ukae saa mbili. Ukiweza kulipia chumba ndani, jioni inakuwa nyingine kabisa. Vyumba ni vichache na wenyewe wanajua hivyo.

Ningempeleka nani wapi

Wazee, watoto wadogo, hujaji, anayesafiri peke yake bila gari, na anayekuja Ulaya mara ya kwanza: Spello, bila kusita. Usiku mbili zinatosha, tatu kama unataka Assisi bila haraka.

Wapenzi wa milima, wanandoa wasiochoka kuongea wenyewe kwa wenyewe, na wewe uliyeko Ujerumani au Uingereza miaka mingi, mwenye gari na mwenye hamu ya mahali ambapo simu inasahaulika mezani: Santo Stefano, na usikae chini ya usiku mbili, kwa sababu ule wa kwanza unaishia kwenye kuzoea giza na baridi.

Kwa wanaoomba viza ya Schengen, weka nafasi ya chumba inayofutika bila gharama mpaka viza itoke. Spello vyumba vya namna hiyo vipo vingi, Santo Stefano anza kutafuta mapema. Ukifika, mwenye nyumba ataomba pasipoti za wote. Si kwamba anakushuku: sheria inamtaka apeleke majina ya wageni polisi.

Mwenyewe nikipewa Juni na gari, naelekea Abruzzo. Nikipewa Novemba na tiketi ya treni, nipo Spello nachovya mkate.